Chakula cha Maganga

Hapa Ngokolo mjini, wanawake wa jumuiya yetu wanapenda ushuhuda mfupi. Mtu alikuwa na shida, akaombewa, shida ikaondoka, makofi. Nimewahi kusikia hata habari za Generosa zikisimuliwa hivyo na mtu ambaye hakuwahi kumtia machoni: eti mjane mmoja wa kijijini alisumbuliwa na mzimu wa mumewe, akasoma Biblia, mzimu ukakimbia. Nilinyamaza kwa sababu padre alikuwapo, lakini moyoni nilichemka. Mimi Paskalia niliishi mkabala na Generosa, mlango wangu ukitazama mlango wake, tangu Operesheni Vijiji ilipotupanga kwenye mistari kama wanafunzi wa gwaride. Hakuna kilichokimbia. Acheni nieleze ilivyokuwa.

Kijiji chetu cha Mwalushindo kiko kaskazini mwa Kahama, mahali ambapo basi likipita watu wanasimama kulitazama mpaka vumbi litulie. Generosa alikuja pale akiwa mke wa Maganga. Alikuwa mrefu, mkimya, na miguu yake ilikuwa mikubwa kiasi kwamba sisi wenzake tulimwambia viatu vyake vitatafutwa kwa fundi wa mitumbwi. Alicheka tu. Hawakujaliwa mtoto, na Maganga hakumpigia kelele kwa hilo wala hakutafuta mke mwingine, jambo ambalo kwa kijiji chetu lilikuwa la kushangaza kuliko muujiza wowote. Walikuwa wawili tu, wakitaniana uani kama watu waliooana juzi.

Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye darasa la kisomo. Sisi wengine tulikwenda kule kupumzisha mgongo baada ya shamba, tukasinzia, tukarudi nyumbani na herufi zetu chache. Generosa zilimwingia zote. Akawa anasoma kila kitu: karatasi za sabuni, matangazo kwenye ghala la pamba, hata maandishi ya magunia. Katekista wetu, Stanslaus, aliyekuwa akisoma kwa puani mpaka manabii wote wakasikika kama wana mafua, alishukuru Mungu akamkabidhi kazi ya masomo ya Jumapili. Padre alitufikia mara chache kwa pikipiki yake, kwa hiyo Jumapili nyingi sauti ya Neno kwetu ilikuwa sauti ya Generosa.

Mwaka wa themanini na mbili pamba ilituangusha, na Maganga akafuata wenzake Rwamgasa kuchimba dhahabu. Alikwenda na Selestine, jirani yetu. Alirudi mara moja na khanga ya mkewe na kikohozi cha vumbi, akaondoka tena. Kipindi cha mvua kubwa Selestine alirudi peke yake. Alisimama uani kwa Generosa, kofia mkononi.

"Duara limeshuka, shemeji," alisema. Duara ndilo jina wachimbaji wanaloliita shimo lao. "Tumefukua tukapata wawili. Halafu maji yakajaa, hatukuweza tena. Maganga hatukumwona."

"Alikuwamo ndani?"

"Labda alikuwamo. Mimi nilikuwa kwenye maji ya kuoshea mchanga, sikumwona akiingia. Labda alikuwa amekwenda dukani."

Hilo neno labda ndilo lililokuja kututesa. Mtu akifa, kuna kilio, kuna kaburi, kuna matanga, watu wanakuja na unga na kuni, mjane anakaa chini, siku zinapita, anainuka. Kwa Maganga hakukuwa na mwili wala shahidi. Stanslaus aligoma kusoma sala za wafu kwa mtu ambaye huenda alikuwa dukani. Wanawake tulikwenda tukakaa, hatukujua kama tunatoa pole au tunasalimia, tukanywa maji tukaondoka. Generosa hakuwa mke wala mjane.

Mtu mmoja tu hakuwa na labda. Mama yake Maganga, Bibi Limi, aliishi peke yake nyumba ya mwisho ya mstari wetu, karibu na mikonge. Aliposikia maneno ya Selestine aliingia ndani, akanyoa nywele zote, akatoka akaketi kwenye udongo na kusema, "Mwanangu amekufa." Hakulia. Chozi hata moja halikudondoka.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Amejuaje? watu waliulizana kisimani. Mke hajui, aliyekuwa naye machimboni hajui, huyu aliyekaa nyumbani na kuku zake amejuaje? Na mbona halii? Halafu neno likatoka, sijui kinywani mwa nani, nalo likakaa kila mahali: litunga. Mjini mnasema msukule. Ni yule mtu ambaye watu wanadhani amekufa, kumbe mchawi amemficha, amemkata ulimi asiseme, anamlimisha mashamba wakati watu hawapo, anamlisha pumba zisizo na chumvi. Bibi Limi alikuwa na macho mekundu. Tangu miti ilipotuishia tulipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake tuliujua sote. Lakini macho yale yale tuliyoyazoea miaka yote yakageuka ushahidi.

Generosa hakusema lolote juu ya mkwewe. Aliacha tu kumsalimia. Akimwona njiani alishika njia nyingine.

Yeye alikuwa na la kwake. Maganga alipokuwa hai alizoea kukohoa kidogo akifika uani, ili mkewe ajue ni yeye. Sasa Generosa akawa anakisikia kikohozi kile mchana, saa saba, jua likiwa utosini, wakati watu wametoka mashambani na kijiji kizima kimelala kwenye vivuli vya kuta. Alisikia, akatoka mbio, uani hapakuwa na mtu. Ili kupambana nacho alichukua Biblia akasoma zaburi kwa sauti. Mimi nilikuwa nimejilaza mlangoni kwangu, namsikia ng'ambo ya njia. Alikuwa akisoma zaburi ya mchungaji na ya mtu aliye shimoni anayemwita Mungu, anasoma kwa nguvu, kisha ananyamaza ghafla kama mtu anayetega sikio. Mchana kweupe, kuku wanaparura, na mimi naogopa kuvuka njia kwenda kwa rafiki yangu.

Jumuiya ilikwenda kumfariji. Mmoja alimletea mstari wa Ayubu, mwingine wa mtume Paulo, kila mtu na mstari wake kama watu waliokuja na mboga. Generosa aliwapokea vizuri. Walipoondoka aliniambia, "Paskalia, maneno ni mazuri. Lakini yanapita juu yangu kama maji juu ya jani la muhogo." Hakuacha kusoma hata hivyo, na mimi nikaona huo ni ushupavu ambao wale wenye mistari hawakuwa nao.

Basi wakaja sungusungu. Mwanzoni tuliwapenda, kwa sababu wezi wa ng'ombe walikuwa wametumaliza, na vijana wale wenye pinde na njuga miguuni waliturudishia usingizi. Lakini wezi walipoisha pinde hazikurudi darini. Mtemi wa sungusungu wetu, Ngassa, mtu mwenye sauti nzito na asiyependa kuulizwa swali, alitangaza kwamba sasa ni zamu ya wachawi. Bibi Limi akatengwa. Kutengwa kwetu maana yake asipewe moto, asipewe maji, asiuziwe, asisalimiwe, na atakayevunja naye atengwe. Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa. Watu wenye ndugu kila nyumba walikuwa wanakula matobolwa, viazi vikavu vya mwaka uliopita, kwa kuhesabiana. Bibi Limi alikula nini hakuna aliyeuliza. Sisi Wakristo tulimwombea kanisani, tukapita mbele ya mlango wake tumeinamisha macho. Sina namna ya kulipamba hilo.

Generosa alikuwa na wazo jingine. Kama Maganga ni litunga, basi yuko karibu, na kama yuko karibu anaweza kurudi. Wazee wa kwetu walisema litunga akionja chumvi anakumbuka jina lake. Enzi hizo chumvi ilikuwa haba, duka la kijiji lilikuwa rafu tupu na mwenye duka anayepiga miayo, na mwanamke aliyekuwa na kijiko cha chumvi alikificha kama dawa. Generosa alibadilisha khanga yake, ile aliyoletewa na Maganga kutoka Rwamgasa, akapata chumvi. Akasonga ugali mdogo, akapika majani makavu ya kunde akayatia chumvi nyingi, akayapeleka kwenye sahani mpaka mwisho wa shamba lake, kwenye mikonge. Sharti ni kwamba unaweka chini, unaita jina, unaondoka bila kugeuka. Ukigeuka ukamwona uso kwa uso, anapotea moja kwa moja. Aliweka, akaita, akaondoka.

Kesho yake sahani ilikuwa tupu, imesuguliwa kwa mchanga, imefunikwa juu ya jiwe.

Akaweka tena, na tena ikaliwa. Halafu, mvua za kwanza zilipolainisha udongo, alikuta kando ya sahani tuta jipya. Siku zilizofuata matuta yaliongezeka, yote yamelimwa saa zile za jua kali ambapo hakuna mtu shambani. Generosa alinichukua kunionyesha. Alipiga magoti, akaweka viganja juu ya udongo.

"Tazama mgongo wa tuta," aliniambia kwa kunong'ona. "Umegandamizwa kwa kisogo cha jembe. Nani mwingine analima hivi hapa kijijini? Huu ni mkono wa Maganga."

Na kweli, Maganga alikuwa na mtindo huo. Sisi wengine tunalima tuta tunaliacha, yeye alirudi akaligongagonga juu kwa kisogo cha jembe kama mama anayempigapiga mtoto alale. Nilitazama matuta yale, nikatazama mikonge iliyonyamaza, nikamwambia Generosa twende nyumbani, na nilitembea haraka kuliko umri wangu ulivyoruhusu.

Siri yake hakuiweka. Mtu mwenye furaha hana kifuniko, na yeye alikuwa na furaha, ndiyo ilikuwa inatisha. Alimweleza Selestine. Alidhani anampa rafiki wa mumewe habari njema. Selestine, ambaye sasa alikuwa mmoja wa sungusungu na ambaye tangu siku ile ya Rwamgasa alikuwa hajui kama alimwacha mwenzake chini ya udongo akiwa hai au vipi, alipata mahali pa kuutua mzigo wake. Alikwenda moja kwa moja kwa mtemi Ngassa.

Tangazo likatoka: Jumatatu, mkutano wa kijiji. Bibi Limi amtoe Maganga mbele ya watu, la sivyo afukuzwe. Tulijua kufukuzwa ni nini. Bibi mmoja wa kijiji jirani alifukuzwa asubuhi, na mwili wake ulikutwa mtoni na wachunga ng'ombe. Hakuna aliyesema nani. Generosa alijua hayo kama sote tulivyojua. Lakini yeye alikuwa anafua shati la Maganga. Nilimwona analianika, analinyoosha kola kwa vidole. Jumatatu mumewe angerudi.

Jumapili kabla ya mkutano ilikuwa sikukuu ya Kristo Mfalme. Generosa alipanda kusoma kama kawaida. Siku ile Stanslaus alimpa asome hata Injili, kwa sababu kifua kilimbana. Ni lile somo la Mfalme anayetenga watu kama mchungaji anavyotenga kondoo na mbuzi. Anawaambia wa kulia kwamba alikuwa na njaa nao wakamlisha. Wao wanashangaa: lini tulikuona una njaa? Generosa alipofika kwenye swali lile alisimama. Tukadhani amepoteza mstari. Stanslaus alimwinamia kumwonyesha kwa kidole. Yeye alikuwa anautazama ukurasa kama mtu aliyesikia anaitwa. Kisha akamalizia kwa sauti ndogo ambayo waliokaa nyuma hawakuisikia, akaketi.

Nilikuja kumuuliza aliona nini. "Sikuona kitu, Paskalia," alisema. "Wala sauti sikusikia. Nilisoma swali lao, nikagundua mimi sijawahi kuuliza. Chakula changu anakula nani? Nimebeba sahani siku zote hizo na sijawahi kugeuka."

Hakusubiri matangazo ya kanisani yaishe. Alikwenda nyumbani, akapika, na saa saba akiwa bado na gauni lake la kanisani akapeleka sahani kwenye mikonge. Akaweka, akaita, akaondoka. Alipofika katikati ya shamba aligeuka. Kama ni Maganga, kwa kugeuka alikuwa anampoteza milele, na kwa macho yake mwenyewe. Alijirudisha polepole akachuchumaa nyuma ya mkonge.

Kwanza alisikia kikohozi. Kisha majani yakasogea, akatoka Bibi Limi.

Alikuwa amekonda mpaka shingo haikutosha kubeba kichwa. Jembe lilikuwa begani. Aliketi mbele ya sahani, akamega tonge la kwanza akaliweka chini kando yake, halafu akala. Alikula polepole, huku anatazama huku na huku. Akasugua sahani kwa mchanga, akaifunika. Kisha akainuka na kulima. Jua lile lingemwangusha kijana. Bibi Limi alilima tuta, akarudi nyuma, akaanza kuligonga juu kwa kisogo cha jembe, taratibu. Generosa akakumbuka kwamba mtu hazaliwi akijua kulima. Maganga alifundishwa na mtu.

Akainuka kutoka kwenye mkonge. "Mwadila, mayu," alisema. Ndiyo salamu ya mchana kwa mama, kwa Kisukuma chetu. Hakuwa amempa tangu mwaka uliopita.

Bibi Limi alishtuka akaangusha jembe, akaifunika sahani kwa mikono yote miwili kama mwizi. Aliponyanyua macho na kumtambua, mikono ilitulia.

"Usisimame hapa, ng'wanawane, mwanangu," alimwambia. "Watakuona. Watakutenga na wewe."

"Hakuna mtu, mayu."

"Wabeja, asante. Mungu akubariki." Halafu, kwa kuwa alikuwa mama mkwe hata katika njaa, akaongeza, "Ila chumvi unazidisha."

Generosa alicheka. Alisema kicheko kilimtoka chenyewe na kikafika mdomoni kikiwa kitu kingine. Hakumwambia kwamba chakula hakikuwa chake. Aliokota jembe akamkabidhi, akaondoka.

Alikuja kwangu. Aliketi mlangoni, gauni la kanisani limejaa mbegu za nyasi, akanieleza yote. Mimi nikaona mambo yamekwisha vizuri.

"Basi si rahisi?" nilimwambia. "Kesho waambie anayekula ni bibi, anayelima ni bibi. Hakuna litunga. Watamwacha."

"Nikisema ni mama," alisema, "nimemzika Maganga. Unaelewa? Mpaka sasa hivi mimi nina mume. Analala mikongeni, anakula chakula changu, analima shamba langu. Kesho nikifungua mdomo, yuko chini ya maji Rwamgasa, peke yake, tangu siku ile. Mimi mwenyewe ndiye nitakayemweka huko."

Sikuwa na mstari wa kumpa. Nilimpa maji. Alikunywa, akavuka njia kwenda kwake, na jioni yote ile sikusikia zaburi. Nilisikia tu akiondoa shati kwenye kamba.

Jumatatu tulikusanyika mbele ya ghala la pamba. Sungusungu walisimama nusu duara na pinde zao, njuga zikilia kila walipohamisha mguu. Bibi Limi aliketishwa katikati juani. Selestine alitoa maneno yake: chakula kinaliwa, matuta yanalimwa, mtindo ni wa Maganga. Watu waliguna. Mtemi Ngassa akamwambia bibi amtoe mwanawe.

"Mwanangu amekufa," alisema Bibi Limi, kama alivyosema tangu mwanzo.

"Basi anayekula ni nani?" Ngassa akauliza, na hakuwa anasubiri jibu.

Nilikuwa nimekaa karibu na Generosa. Niliuona mkono wake unashika udongo. Akajisukuma juu, akasimama kwa miguu yake ile mikubwa.

"Anayekula ni yeye," alisema. "Nimemwona kwa macho yangu jana. Anayelima ni yeye pia. Nilikuwa namwekea Maganga, na aliyekuwa na njaa alikuwa mama yake. Kwa hiyo nimemlisha mtu mliyemtenga. Kama ni kosa, nitengeni na mimi."

Kelele zilipanda. Ngassa akainua upinde zikashuka. Hakuwa mjinga yule mtu. Aliona mlango uliobaki wazi, akaupitia. "Sawa. Bibi anakula, bibi analima. Maganga yuko wapi?"

Generosa alimtazama Bibi Limi, aliyeketi juani na kichwa chake ambacho hakuwa ameacha kukinyoa. Kisha akavua kitambaa kichwani, akasema kwa sauti ile ile ya kusomea kanisani, ya kufika mpaka nyuma:

"Maganga amekufa. Duara lilimfukia Rwamgasa. Mume wangu amekufa."

Na akapiga yowe.

Yowe la msiba kwetu si kilio tu, ni amri. Likipigwa, mwenye jembe anaweka jembe, mwenye kesi anaacha kesi. Hakuna mkutano juu ya msiba, na anayeuzuia msiba wa mwenzake ajiandae kujizika mwenyewe. Aliyeitikia wa kwanza alikuwa Bibi Limi. Mwanamke yule tuliyesema hana machozi alitoa sauti iliyonitoa mimi kwenye akili zangu, akaanguka kifudifudi, na machozi yakaja kama yaliyokuwa yamewekwa. Baadaye tulimuuliza kwa nini hakulia siku zote zile. Alisema kwao alikozaliwa kilio cha mume huanzwa na mke, mama hutangulia kunyoa tu. Alikuwa anamsubiri mkwewe.

Wanawake tuliitikia wote. Mwaka na zaidi kilio kile kilikuwa kimetukaa kifuani. Ngassa alibaki amesimama na upinde, katikati ya wanawake waliolala chini, na mama wa marehemu miguuni pake. Aliwatazama vijana wake. Selestine alikuwa tayari ameweka upinde wake chini, anaangua kilio kama mtoto, halafu akajifuta akaenda kutafuta kuni. Wengine wakamfuata. Mwishowe Ngassa aliinama, akafungua njuga miguuni moja moja, kwa sababu njuga hazilii msibani, akachuchumaa mbele ya bibi ambaye yeye mwenyewe alitaka kumfukuza.

"Pole, mayu," alisema.

Stanslaus akaanza sala za wafu, kwa puani, na hakuna aliyecheka.

Wale wa Ngokolo wangeishia hapo wapige makofi. Lakini kikohozi cha saa saba hakikumwacha Generosa. Alikisikia miaka mingi, mpaka nilipohamia mjini alikuwa bado anakisikia. Tofauti ni kwamba hakutoka tena mbio. Alisema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana," akaendelea na alichokuwa anafanya. Aliendelea kusoma masomo ya Jumapili, na watu walizoea kwamba akisoma kuna mahali anasimama, akijiuliza swali, wao wakisubiri. Bibi Limi alihamia kwake. Waligombana juu ya mapishi kama kawaida ya wakwe.

Bado neno moja, na hili nililisikia kwa masikio yangu. Ilikuwa matanga, siku ya pili au ya tatu. Generosa na Bibi Limi walikuwa wameketi mkeka mmoja, vichwa vyote viwili vimenyolewa, nami nilikuwa nimewaletea uji. Generosa hakuweza kumtazama mkwewe. Aibu ilikuwa inamla, kwa kuwa pale kwenye mkutano alisema mbele ya watu wote kwamba chakula hakikuwa cha bibi.

"Mayu," alisema hatimaye, "unisamehe. Sikukuwekea wewe."

Bibi Limi aliupuliza uji wake.

"Nilijua," alisema. "Nilikusikia ukimwita tangu siku ya kwanza. Njaa ilinishinda. Nilikuwa nakula chakula cha mwanangu, basi nikaona nifanye kazi yake."